Mtoto ni Dk lakini hatibu: Maisha ya mtafiti wa kinga ya mwili na familia inayomsubiri nyumbani

Ngara. Katika kata ya Murusagamba, wilayani Ngara mkoani Kagera, neno daktari lina maana moja. Ni mtu unayempelekea mtoto mwenye homa usiku, akamgusa paji la uso, akaagiza apimwe malaria kisha akaandika dawa. Mzazi akisikia kuwa mwanawe aliyekuwa masomoni miaka yote hiyo amemaliza na sasa anaitwa Dk, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba shida ya matibabu katika ukoo imepata mwenyewe.

Simu zinaanza. Shangazi ana uvimbe shingoni, babu miguu inawaka moto, jirani presha imepanda. Dk wa upande wa pili anakohoa kidogo, anaanza kueleza kuwa yeye si daktari wa namna hiyo, yuko maabara, anachunguza jinsi mwili unavyojikinga na maradhi. Upande wa huku kimya. Swali linalofuata ni lilelile kila familia: "Sasa unatibu hospitali gani?"

Mara ya kwanza jambo hili linachekesha. Likidumu miaka mitano, ada za wadogo zikisubiriwa, nyumba ya wazazi haijaezekwa na harusi inaahirishwa kila mwaka, hakuna anayecheka tena. Familia yenye mtoto wa aina hii inahitaji kujua anafanya nini hasa huko, na kwa nini miaka inayofuata baada ya kupata shahada kubwa kuliko zote ndiyo miaka ambayo mfuko wake hauna uhakika.

Fundi asiye na karakana

Safari ni ndefu. Shahada ya kwanza miaka mitatu au zaidi, uzamili miwili, uzamivu mitatu hadi minne, tena kama mambo hayakukwama njiani. Mtu anavaa joho la uzamivu akiwa amevuka au anakaribia miaka 30. Nyumbani wanachinja. Kwenye sayansi ya maabara, hapo ndipo kazi inapoanza.

Hatua inayofuata ni utafiti baada ya uzamivu, na anayeifanya wenzake humwita kwa kifupi posidoki. Anaajiriwa katika maabara ya mtafiti mkubwa kwa mkataba wa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Anaendesha majaribio, anawaelekeza wanafunzi, anaandika makala za kisayansi, na usiku anaandika maombi ya fedha ili siku moja awe na kundi lake mwenyewe. Hayuko darasani tena, wala halipi ada. Hajawa mhadhiri wa kudumu pia. Mshahara wake unatoka kwenye mradi, na mradi ukifungwa nao unakoma.

Mfano wa karibu ni fundi seremala aliyehitimu vizuri, anayefanya kazi kwenye karakana ya mwenzake huku akikusanya randa na misumeno yake. Tofauti ni kwamba fundi wa samani analipwa kitanda kikiisha. Mtafiti anaweza kufanya kazi miezi minane, jaribio likamwambia kuwa wazo lake halikuwa sahihi. Kisayansi hiyo nayo ni kazi iliyofanyika. Kuieleza kwa baba mkwe ni mtihani mwingine.

Damu haisubiri

Imunolojia ni elimu ya kinga ya mwili. Damu ina seli nyeupe, ambazo walimu wa baiolojia hupenda kuziita askari, lakini askari hao wana kazi tofauti. Seli B hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa mdudu kabla hajaingia ndani ya seli. Baadhi ya seli T huua seli ambazo tayari zimevamiwa, nyingine hutoa amri. Na baada ya vita, chache kati yao hubaki zikimkumbuka adui kwa miaka mingi. Chanjo zote zinategemea kumbukumbu hiyo.

Kuichunguza kunahitaji damu mbichi, na damu mbichi haina subira. Ikitoka kliniki asubuhi, mtafiti anatakiwa kuishughulikia ndani ya saa chache kabla seli hazijachoka. Anaimimina taratibu juu ya kimiminika kizito, anaiweka kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Inapotolewa imejipanga kwa matabaka: chini seli nyekundu, juu majimaji ya manjano, na katikati utando mweupe mwembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Utando huo ndio anaoutafuta. Anaufyonza kwa pipeti, anaosha seli, anazihesabu kwenye hadubini, kisha anazigandisha polepole na kuzihifadhi kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo zinaweza kukaa miaka, zikaja kuamshwa zikiwa hai.

Vipimo vinafuata. Kipo kinachoitwa Elisa, kinachofanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Rangi ikikolea kwenye kishimo, kingamwili ni nyingi. Ikififia, ni chache. Ipo mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya mwanga wa leza, maelfu kwa sekunde, na kuzitambua kwa rangi zilizobandikwa juu yake. Kazi ya siku moja ya namna hiyo inaweza kuanza saa 1 asubuhi na kuisha usiku. Umeme ukikatika na jenereta isiwake, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri likapata joto, jasho la miaka miwili linaharibika kabla ya mapambazuko.

Kwa hiyo anayepiga simu kutoka Murusagamba Jumapili alasiri akajibiwa "mama, nitakupigia, nina seli mkononi", hajadanganywa.

Sindano moja badala ya mbili

Mzazi mwenye binti shule ya msingi ameshaguswa na kazi hii hata kama neno imunolojia hajawahi kulisikia.

Aprili 2018 Tanzania ilianza kutoa nchi nzima chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Walioanza ni wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Aprili 2024 utaratibu ukabadilika, ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama ambaye binti yake alipata sindano ya kwanza akahama shule, akakosa ya pili, anajua uzito wa mabadiliko hayo.

Sehemu ya ushahidi ilitoka Mwanza. Utafiti uliopewa jina la DoRIS uliandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine wakapewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Uliendeshwa kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kitengo cha majaribio ya tiba cha Mwanza na chuo cha London kinachofundisha afya na magonjwa ya kitropiki. Kuchoma sindano kulikuwa sehemu fupi ya kazi. Iliyobaki ilikuwa kuchukua damu kwa vipindi na kuipima, tena na tena, kuona kama kingamwili zinabaki au zinayeyuka. Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 2022. Kwa aina ya 16 ya kirusi hicho, ambayo ni hatari zaidi, karibu wasichana wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili. Kiwango chao kilikuwa chini ya cha waliopata dozi mbili au tatu, lakini kilitulia palepale bila kuporomoka. Wakati huohuo utafiti wa KEN SHE nchini Kenya ulionyesha kuwa dozi moja inazuia maambukizi yenyewe kwa wasichana na wanawake vijana.

Bagamoyo nako kuna habari ya kumfurahisha mzazi. Taasisi ya Afya Ifakara, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, ilijaribu chanjo ya malaria iitwayo RH5, inayolenga vimelea vikiwa kwenye damu. Waliochanjwa ni watu wazima, watoto wadogo na wachanga wa miezi 6 hadi 11. Wengi wangedhani mtu mzima mwenye mwili uliokomaa ndiye angetengeneza kinga nyingi. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2023 ilionyesha kinyume: wachanga waliwazidi watu wazima kwa wingi wa kingamwili. Kwa mkoa kama Kagera habari hiyo ina uzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani humo, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8.

Mshahara wenye tarehe ya kuisha

Hapa ndipo familia nyingi zinapogombana kimyakimya. Aliyemaliza naye kidato cha sita akaenda ualimu au benki ana nyumba, ana watoto wawili na anachangia kila msiba. Dk anahama chumba kimoja cha kupanga kwenda kingine, na kila baada ya miaka miwili anasema mkataba unaisha.

Akiwa Ulaya au Marekani hali inachanganya zaidi, maana mshahara ukibadilishwa kuwa shilingi unaonekana mkubwa. Anayeubadilisha yuko Ngara. Anayeutumia analipa kodi ya serikali, kodi ya nyumba, bima na malezi ya mtoto kwa bei ya huko. Kibali chake cha kuishi mara nyingi kimefungwa kwenye mkataba. Kazi ikiisha, siku za kubaki nchini zinaanza kuhesabiwa. Na baba akifariki, nauli ya haraka inaweza kumeza akiba yote, kama ruhusa yenyewe imepatikana kwa wakati.

Kwa wanawake kuna jingine. Miaka ya posidoki inaangukia palepale kwenye miaka ya kuzaa. Nyumbani mimba haitangazwi mapema. Wengi husubiri hadi tumbo lijionyeshe lenyewe. Maabara hairuhusu subira hiyo. Anayeshika sampuli zenye vimelea au kemikali za sumu anatakiwa kumweleza msimamizi mapema ili aondolewe kwenye kazi hatarishi, na hapo jambo la siri la mke na mume linajulikana ofisini kabla mama mkwe hajaambiwa. Ujerumani sheria ya kuwalinda wajawazito ni kali kiasi kwamba wengi husimamishwa kabisa kushika vimelea. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Ni haki nzuri, ila mfadhili wa mradi si kila mara anaongeza siku 84 mwishoni mwa mkataba. Mama anarudi, saa ya mradi haikusimama.

Walioanza hivyo

Profesa Faith Osier ni mfano unaojulikana. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi na mwaka 1998 alifika Kilifi, pwani ya Kenya, akiwa daktari kijana. Huyu alikuwa wa kutibu kwelikweli, na wodi ya watoto ilikuwa imejaa malaria. Akageukia maabara, akitaka kujua kwa nini watu wazima wa pwani wanaumwa na mbu haohao bila kufa. Alifanya uzamivu, akaenda Melbourne, Australia, kama mtafiti baada ya uzamivu, akarudi Kilifi. Kundi lake lilitengeneza kipande kidogo cha kioo kilichowekwa protini zaidi ya 100 za kimelea cha malaria, kiitwacho KILchip, ili tone dogo la damu liweze kujibu maswali mengi kwa mara moja. Mwaka 2016 tuzo ya Sofja Kovalevskaja ilimpa nafasi ya kuunda kundi Heidelberg, Ujerumani. Mwaka 2019 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza umoja wa kimataifa wa vyama vya imunolojia. Kutoka Kilifi mwaka 1998 hadi kiti hicho ni miaka 21.

Mfano mwingine uko mbali, ila wazazi wa kijijini watautambua. Katalin Karikó alizaliwa Hungary mwaka 1955, binti wa muuza nyama, akakulia kwenye nyumba isiyo na maji ya bomba. Mwaka 1985 mkataba wake nyumbani ulikatika. Yeye na mumewe wakauza gari, wakaficha fedha ndani ya mwanasesere wa binti yao wa miaka miwili kwa kuwa sheria haikuruhusu kutoka na fedha nyingi, wakaenda Marekani, yeye akiwa posidoki. Miaka kumi baadaye chuo kimoja kilimshusha cheo kwa sababu hakuwa analeta fedha za utafiti. Akaendelea. Kazi aliyofanya na mtaalamu wa kinga Drew Weissman, iliyochapishwa mwaka 2005, ilikuja kuwa msingi wa chanjo za Uviko-19 za aina ya mRNA, na mwaka 2023 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Mama yake alikuwa akisikiliza redio kila mwaka tuzo zikitangazwa, akitumaini jina la mwanawe. Alifariki mwaka 2018. Yule mtoto wa mwanasesere, Susan Francia, alikuja kuchukua medali mbili za dhahabu za Olimpiki katika kupiga makasia.

Ni haki kusema kuwa hao ni wachache. Posidoki wengi hawafiki kwenye maabara yao wenyewe; huishia kwenye ualimu wa chuo, udhibiti wa dawa, viwanda au miradi ya afya. Familia ikilijua hilo mapema, haitauona mabadiliko hayo kuwa kushindwa.

Mtoto wa Kagera na hofu ya damu

Kuna jambo moja ambalo mtafiti aliyekulia Murusagamba analijua kuliko profesa wa London: watu wanaogopa kutolewa damu. Hadithi za mumiani zimesikika Tanzania tangu enzi za ukoloni, na gari geni linalokuja na sindano na maboksi ya barafu linaziamsha. Hofu hiyo haiondolewi kwa karipio. Inaondolewa na mtu anayeweza kueleza, kwa Kishubi au Kihangaza ikibidi, kuwa kinachochukuliwa kwa mtoto mara nyingi ni mililita chache, sawa na kijiko cha chai. Kwamba utafiti unahitaji kibali cha maadili. Kwamba mzazi ana haki ya kuuliza damu inapelekwa wapi, kukataa, au kujitoa katikati bila mtoto kunyimwa matibabu. Mzazi asiyejibiwa maswali hayo asisaini.

Na Kagera ina sababu ya kutaka wataalamu hao wawe wake. Machi 21, 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa kwa mara ya kwanza nchini, wilayani Bukoba. Wagonjwa tisa walirekodiwa, mmoja kati yao akiwa hakuthibitishwa maabara, na sita wakafariki. Septemba 2024 ugonjwa huo ukaibuka Rwanda, ng'ambo ya Rusumo, ambako mamia ya wahudumu wa afya walipewa chanjo ya majaribio. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza mgonjwa aliyethibitishwa mkoani Kagera, baada ya sampuli kupimwa kwenye maabara ya Kabaile mkoani humo na kuhakikiwa Dar es Salaam. Wagonjwa wote walitoka Biharamulo, majirani wa Ngara. Walikuwa 10, wawili wakiwa wamethibitishwa na wanane wa kudhaniwa, na wote 10 walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kumalizika Machi 13, 2025.

Hakuna chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa. Kwa nini watatu wa Bukoba walipona na wengine hawakupona ni swali la maabara ya kinga, na jibu lake limo ndani ya damu ya walionusurika, kama wataridhia kuitoa.

Kabla hajasaini

Si lazima kila mkataba uwe wa Ulaya. Ifakara, NIMR, Muhimbili na taasisi ya utafiti ya Kilimanjaro iliyoko Moshi zina watafiti wa ngazi hii. Entebbe, ng'ambo ya Ziwa Victoria, Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda imekuwa ikifundisha wataalamu wa kinga kutoka nchi jirani. Mpango wa APTI, unaoungwa mkono na Akademia ya Sayansi ya Afrika, taasisi za afya za taifa za Marekani na Gates Foundation, humpeleka mtafiti Marekani miaka miwili, kisha kumsaidia arudi kwenye taasisi yake ya nyumbani. Mipango yenye sehemu ya kurudi ndiyo ya kutafutwa kwanza, hasa kwa mwenye mwenza na watoto.

Karatasi ya mkataba ikija, mke na mume waikalie pamoja, na mzazi mmoja asiyependa makuu aitwe. Maswali ni ya kawaida: ni miezi mingapi, na nani anaamua kuongeza? Bima inamhusu mwenza na watoto? Mwenza ataruhusiwa kufanya kazi huko? Likizo ya uzazi inasogeza mwisho wa mkataba au hapana? Kukitokea msiba, nauli ni ya nani? Kisha lije lile gumu, kiasi gani kitatumwa nyumbani kila mwezi. Ni afadhali kitajwe kidogo kinachowezekana, baba akijua tarehe, kuliko kikubwa kinachofika miezi mitatu na kukatika. Na shangazi mwenye uvimbe apelekwe Nyamiaga au Murgwanza mapema, asisubiri likizo ya Dk.